Njia ya Mtu Aliye Mtu



Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu swali fupi: Shujaa ni mtu wa namna gani? Majibu yakaja upesi. Mmoja alisema kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa kufa. Wa pili akasema ni mtu awashindaye adui zake. Wa tatu, aliyekaa nyuma kabisa, akasema ni mtu atokaye kwao, akaona taabu, kisha akarudi na kitu cha kuwafaa wenziwe. Majibu yote matatu yalikuwa na haki ndani yake, wala hatukumkosoa hata mmoja. Lakini baada ya siku chache tulitazama pamoja nao picha moja ya sinema, na ilipokwisha tuliona kuwa majibu yale hayatoshi. Jioni hii twapenda kuieleza picha hiyo, maana inauliza jambo linalotuhusu sote: mtu huwaje mtu kweli?

Picha yenyewe yaitwa Dances with Wolves, na maana ya jina hilo ni Achezaye na Mbwa-mwitu. Ilitoka huko Marekani mwaka 1990. Aliyeiongoza ni Kevin Costner, naye ndiye achezaye mahali pa shujaa. Habari yake imetoka katika kitabu cha Michael Blake kilichochapishwa mwaka 1988, na Blake mwenyewe ndiye aliyekigeuza kuwa mchezo wa sinema. Mwaka 1991 picha hiyo ilipewa tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa tuzo ya picha bora kuliko zote za mwaka. Ni ndefu, yapata saa tatu.

Kwanza yafaa tueleze mahali pa kisa hiki. Katika karne ya 19 palikuwa na mpaka katika nchi ya Marekani, ambao haukuwa ukuta wala mto. Ulikuwa ni mwisho wa makazi ya Wazungu na mwanzo wa nchi ambayo wenyeji wa asili walikuwa wakikaa na kuwinda. Mpaka huo ulisogea magharibi mwaka kwa mwaka, na kila uliposogea kuna watu waliopata mashamba na kuna watu waliopoteza nchi. Picha nyingi za sinema zimetengenezwa juu ya mpaka huo. Ninyi mwazijua: mtu hupanda farasi, ana bastola kiunoni, hufika mjini, huwaua wabaya, kisha huondoka machweo. Wenyeji wa nchi, waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, katika picha hizo walikuwa kama vumbi na mishale tu. Walipiga kelele, wakaanguka, wala hakuna aliyeuliza majina yao.

Picha yetu ya leo yaanza mahali pale pale, lakini yashika njia nyingine.

Mwaka 1949 mtaalamu mmoja Mmarekani, Joseph Campbell, alitoa kitabu kiitwacho The Hero with a Thousand Faces. Alikuwa amezisoma hadithi za mataifa mengi, za kale na za karibuni, akasema kwamba nyingi zina umbo moja. Shujaa huondoka kwao. Hupita katika majaribu yanayombadili. Kisha hurudi na baraka kwa ajili ya watu wake. Kuondoka, kujaribiwa na kurudi, hizo ndizo hatua tatu. Nasi tukizikumbuka ngano tulizosimuliwa na bibi zetu, twaona kuwa maneno yake hayako mbali na kweli. Basi tuitwae kamba hiyo ya hatua tatu, tuipime safari ya shujaa wetu.

Jina lake ni John Dunbar, luteni katika jeshi la Kaskazini, na mwaka ni 1863, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wao kwa wao. Dunbar ameumia mguu, na waganga wataka kuukata. Yeye hataki. Aona afadhali kufa kuliko kuishi bila mguu. Basi avaa kiatu chake juu ya jeraha, apanda farasi, apita mbele ya bunduki za adui, mikono ameitandaza kama msalaba. Adui wapiga risasi na kumkosa. Wenziwe, kwa kuona hayo, warukia vitani na kushinda. Papo hapo Dunbar asifiwa kuwa shujaa. Atibiwa vema, apewa farasi yule awe wake, na aulizwa ataka kutumwa wapi. Asema ataka kuuona mpaka ule kabla haujatoweka.

Hapo mwanafunzi wetu wa kwanza, aliyesema kwamba shujaa ni asiyeogopa kufa, alitabasamu. Lakini angalieni: yule Luteni hakuwa akiwapigania wenziwe saa ile. Alikuwa ametafuta kifo. Picha yaanza kwa kutuonyesha ushujaa wa namna ile tunayoisifu sana, kisha yatuambia kwamba huo ulikuwa ni kukata tamaa kulikovaa nguo za ushujaa. Safari haijaanza bado.

Dunbar apelekwa kwenye boma moja la mbali mbugani. Afikapo, akuta halina mtu. Ofisa aliyemtuma amejiua. Mwenye nyumbu aliyempeleka auawa njiani arudipo. Basi hakuna hata mmoja ajuaye kuwa yuko huko. Angaliweza kurudi, lakini akaa. Aopoa mizoga ya wanyama iliyoharibu maji, aichoma, asafisha boma, na kila jioni aandika katika daftari mambo ya siku ile. Rafiki zake ni wawili: farasi wake, na mbwa-mwitu mmoja mwenye miguu myeupe ya mbele, ajaye kumtazama kwa mbali. Mbwa-mwitu huyo si yule wa nchi zetu mwenye madoa. Ni mnyama wa nchi za baridi, mkubwa, mwenye manyoya mengi. Siku hata siku amkaribia, hata mwisho atwaa nyama mkononi mwake.

Mambo hayo huenda polepole sana katika picha, na baadhi ya wanafunzi walianza kunong'ona kwamba hakuna vita. Tuliwaambia wangoje. Mtu aliyezoea amri na tarumbeta sharti akae kimya kwanza, la sivyo hatasikia atakapoitwa.

Hatimaye wenyeji waja. Nao ni Walakota, watu wa taifa liitwalo na wengine Sioux. Wa kwanza ni mzee wa dawa na mashauri, ambaye jina lake kwa lugha yetu ni Ndege Apigaye Teke. Amkuta Dunbar uchi, akitoka kuoga, na wote wawili waogopa. Baadaye aja kijana mpiganaji, jina lake Upepo Nyweleni Mwake, akimpeleka farasi mbio mpaka mbele ya Mzungu yule, akipaza sauti kwamba yeye hamwogopi. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Wala hawakuelewana upesi. Dunbar awasagia kahawa, awapa na sukari, wafurahi. Ataka kuuliza habari za nyati, yaani yule mnyama mkubwa mwenye nundu na manyoya wa mbuga za Marekani, lakini hana neno. Basi aweka vidole kichwani mfano wa pembe, aenda kwa magoti sakafuni kama mtoto achezaye. Upepo Nyweleni Mwake amdhania mwenda wazimu. Lakini mzee atazama, afahamu, na atamka neno la Kilakota: tatanka. Dunbar alirudia. Mzee naye alijaribu neno la Kiingereza. Hapo ndipo penye mlango wa safari yote.

Sisi tulio walimu twajua thamani ya saa kama hiyo. Ofisa wa jeshi, mwenye cheo na bunduki, amepiga magoti mbele ya watu ambao jeshi lake lawaita washenzi, naye ajifunza neno moja. Tangu hapo hatua zake zote ni za mwanafunzi. Mwalimu wake mwingine ni mwanamke, jina lake Asimamaye na Ngumi. Alizaliwa Mzungu, wazazi wake wakauawa yeye akiwa mtoto, Walakota wakamlea, akasahau lugha ya mama yake. Sasa atakiwa awe mkalimani, na maneno ya Kiingereza yamtoka moja moja kwa shida, kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kirefu. Wawili hao wafundishana, na baadaye waoana.

Waliotengeneza picha hii waliifahamu kazi ya lugha. Kitabu kilikuwa kimesimulia habari za Wakomanche, lakini katika picha mambo yalihamishiwa kwa Walakota, na sehemu kubwa ikapigwa katika nchi ya South Dakota. Mwalimu wa Kilakota, Bibi Doris Leader Charge, aliyatafsiri maneno na kuwafundisha wachezaji, ambao wengi wao walitoka katika mataifa mengine ya wenyeji wa asili. Graham Greene, aliyecheza kama Ndege Apigaye Teke, alikuwa Mwoneida wa Kanada. Rodney Grant, aliyecheza kama Upepo Nyweleni Mwake, ni Mwomaha. Wao pia iliwapasa kukaa darasani. Watazamaji wa Marekani waliosikia Kilakota saa nzima, huku wakisoma tafsiri chini ya picha, walijikuta mahali pa Dunbar: wageni katika nchi waliyodhani ni yao.

Sasa twaja kwenye jambo lililotushika zaidi. Kila mara Dunbar apatapo kitu kutoka kwa Walakota, yeye naye huachilia kitu chake. Baada ya mawindo makubwa ya nyati amkuta mtu amevaa kofia yake aliyoipoteza, na pasipo kugombana wabadilishana kwa kisu. Kisha koti lake la kijeshi laenda kwa Upepo Nyweleni Mwake, naye apewa pambo la kifuani la mpiganaji. Mwisho hata jina lamtoka. Walakota walikuwa wamemwona akikimbizana na yule mbwa-mwitu mbugani, wakamwita Achezaye na Mbwa-mwitu. Wapawnee waja kushambulia kijiji, naye atoa bunduki zilizokuwa bomani ili watu wajilinde. Vita vikwishapo, watu walitaja jina lake jipya mara nyingi kwa furaha, naye awaza moyoni kwamba vita hivi havikuwa vya ardhi wala mali, bali vya kulinda chakula cha baridi na watoto na wanawake. Kwa kusikia akiitwa hivyo, kwa mara ya kwanza ajua yeye ni nani. John Dunbar lilikuwa jina tu.

Baadaye, wakitembea msituni, Ndege Apigaye Teke amwambia kwamba katika njia zote za maisha iko moja iliyo bora, nayo ni njia ya mtu aliye mtu kweli. Na kwamba anamwona Dunbar yumo katika njia hiyo. Hakumwambia kuwa amekuwa Mlakota mzuri. Alimwambia kuwa yumo njiani kuwa mtu.

Wasikilizaji wetu, neno hilo si geni masikioni petu. Katika Kiswahili twasema fulani si mtu, na huyo fulani ana macho mawili na mikono miwili. Twasema pia mtu ni utu. Maana yake, kuzaliwa kwa mwanamke hakutoshi. Utu hutafutwa, na hupatikana mbele ya wengine, katika kuitwa na kuitika. Mzee wa mbuga za Marekani na wazee wetu hawakuonana kamwe, lakini twadhani wangalielewana.

Imebaki hatua ya tatu, kurudi. Hapa picha yaivunja ile kamba ya Campbell. Walakota wahamia makao ya baridi, naye Dunbar akumbuka daftari lake lililoachwa bomani. Mna habari zote ndani yake, na askari wakilipata watajua pa kuwafuata rafiki zake. Arudi kulitwaa. Lakini boma limejaa askari. Kwa kuwa amevaa mavazi ya Kilakota, wampiga risasi farasi wake na kumkamata. Watu wa lugha yake wampiga na kumwita msaliti. Daftari limeangukia mikononi mwa askari asiyejua kusoma, naye azichana karatasi zake kwa haja ya chooni. Dunbar aambiwa awe kiongozi wao kuwafuata Walakota. Akataa, na awajibu kwa Kilakota kwamba jina lake ni Achezaye na Mbwa-mwitu na kwamba hana neno nao. Wampelekapo amefungwa, mbwa-mwitu amfuata kwa mbali, na askari wamlenga shabaha kwa mchezo mpaka wamuua.

Basi shujaa amerudi kwao na baraka mkononi, maana alijua lugha, alijua watu, angaliweza kuwa mkalimani wa amani; lakini kwao hakuna aliyeitaka. Rafiki zake Walakota wamwokoa mtoni. Hata hivyo kurudi kijijini hakukuwa mwisho. Ajua kwamba jeshi litamtafuta, na popote alipo atawavutia wengine maafa. Mzee wa kijiji ajaribu kumzuia, akisema kwamba mtu yule atafutwaye na askari hayupo tena duniani. Lakini Dunbar aamua kuondoka na mkewe katikati ya baridi. Wapandapo njia ya mlima, Upepo Nyweleni Mwake, juu ya genge, alia kwa sauti kuu. Mara ya kwanza alikuwa amepiga kelele kwamba hamwogopi. Sasa atangaza kwamba yeye ni rafiki yake, na urafiki huo hautakoma. Darasani mwetu palikuwa kimya.

Yule mwanafunzi wa tatu akauliza: Mwalimu, huyu amerudi na nini? Tulijibu kwamba hakurudi. Alichokipata kilikuwa ni watu, na ili asiwapoteze roho zao ilimbidi awapoteze machoni pake. Kwanza alipanda farasi ili afe kwa kuwa hakuna alichokipenda; mwisho alipanda farasi akaenda zake kwa kuwa alipenda. Mtu ni mwingine.

Picha yamalizia kwa maneno machache yaliyoandikwa, kwamba baada ya miaka 13 Walakota wa mwisho waliokuwa huru walijisalimisha katika ngome ya Fort Robinson, Nebraska. Hayo si hadithi. Mwaka 1868 serikali ya Marekani iliandikiana nao mkataba wa Fort Laramie, na milima iitwayo Black Hills ikaachwa kuwa yao. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana humo, na mkataba ukavunjwa. Mwaka 1876 Walakota na rafiki zao walilishinda jeshi katika vita vya Little Bighorn, lakini mwezi wa Mei 1877 Crazy Horse, kiongozi wao mashuhuri, alijisalimisha Fort Robinson, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule akauawa huko. Nyati, waliokuwa mamilioni, walipigwa kwa ajili ya ngozi hata karibu na mwisho wa karne ile hawakufika elfu moja. Na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Walakota walipwe fidia ya milima ile, zaidi ya dola milioni 100. Walikataa fedha. Walitaka milima.

Lakini mwalimu asifiaye bila kusahihisha si mwalimu, na picha hii ina makosa mawili. La kwanza, mwenyeji hapati nafasi ya kusimulia habari zake mwenyewe. Twamwona kwa macho ya Mzungu, na hata mke wa shujaa ni Mzungu. La pili ni zito zaidi. Wapawnee katika picha hii ni waovu tu. Huua, huchoma, hawana mtoto wala mama wala kicheko. Kwa kweli Wapawnee walikuwa wakulima wa mahindi na wawindaji, na Walakota ndio waliokuwa wengi na wenye nguvu juu yao. Tarehe 5 Agosti 1873, katika bonde moja la Nebraska, Walakota waliwashambulia Wapawnee waliokwenda kuwinda pamoja na jamaa zao, wakaua wengi, wanawake na watoto wakiwamo. Picha iliyojitahidi kuwarudishia Walakota utu wao iliwanyang'anya Wapawnee wa kwao.

Tuliwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa makusudi, maana ndilo jaribu la sisi sote. Ni rahisi kumwita mtu yule tuliyejifunza lugha yake, tuliyekula naye, aliyetupa jina. Baada yake yuko mwingine ng'ambo ya mto, ambaye habari zake twazijua kwa kinywa cha adui yake tu. Dunbar aliwakuta Walakota wakiwa wamekwisha kuchorwa hivyo na watu wake, akapiga magoti, akauliza neno moja. Kwa Wapawnee hakuuliza.

Basi mkiipata picha hii, itazameni na watoto wenu walio wakubwa, kwa kuwa ina vita na damu ambayo haiwafai wadogo. Wakiisha kuitazama, msiwaulize nani alishinda. Waulizeni ni nani katika picha hii ambaye hatukulisikia jina lake, na wanadhani aliitwa nani.